Sauti Yangu Juu ya Sauti Yake

Katika miaka ya tisini nilikuwa na kibanda cha kurekodi kanda pale Mpanda mjini, upande wa stesheni. Kilikuwa chumba kimoja cha matofali ya kuchoma chenye dirisha la kuhudumia wateja. Ndani nilikuwa na mashine ya deki mbili, spika nilizozitundika ukutani, betri ya gari kwa siku ambazo umeme haukuwaka, na rafu ya kaseti. Mtu alikuja na kanda tupu, au akainunua kwangu, akataja nyimbo anazozitaka, nami nikamrekodia. Wasafiri wa treni walitaka kanda ya njiani. Wafugaji waliotoka kaskazini na ng'ombe wao walifika na redio wamezifunga kwenye baiskeli kwa mpira. Vijana walitaka muziki wa Dar es Salaam na wa Zaire. Akina mama walitaka kwaya.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na kwa wakati wetu hilo lilitosha kumfanya mtu ajione. Kile kitabu kilichokuja na mashine, cha Kiingereza, nilikisoma mpaka kurasa zikalegea. Nilijua kusafisha kichwa cha mashine kwa pamba na spiriti, kuunga utepe uliokatika, na kuvunja vile vimeno viwili vya mgongoni mwa kaseti ili mtu asiweze kurekodi kitu kingine juu yake. Watu waliniita fundi, nami niliitika.

Mke wangu alikuwa mtu wa Ikola, ziwani. Mimi ni Mkonongo, kwetu ni Inyonga, watu wa misitu na asali. Tulikutana Mpanda, tukaoana Mpanda, tukapanga nyumba mtaa wa Nsemulwa. Hatukujaliwa mtoto. Tulikuwa wawili tu, na mara nyingi alikuwa mmoja, kwa sababu mimi nilikuwa kibandani.

Aliimba kwaya ya kanisani kwetu. Hakuwa na sauti kubwa. Wapo waliomzidi kwa mbali, wale ambao wakifungua mdomo unatazama paa. Yeye aliimba kama mtu anayekuambia kitu mkiwa mmeketi karibu, na bado mtu wa benchi la nyuma alimsikia. Sijui alifanyaje. Nilimsikia kwa miaka mingi akiosha vyombo na sikuwahi kumwuliza.

Mwaka mmoja kwaya yao ikaamua kutoa kanda. Hilo lilikuwa jambo kubwa. Kwaya za Katumba zilikuwa zimeshatoa kanda zao, na watu wa Katumba, wale ambao wazee wao walitoka Burundi, wanajua kuimba, hilo halina ubishi. Sisi wa mjini tulionekana tumelala. Mwalimu wa kwaya akanijia, tukakubaliana nirekodi mimi, niuze mimi, na fungu la kwaya lipelekwe kujenga ukumbi.

Tulirekodi kanisani siku ya Jumamosi. Nilitundika mablanketi madirishani ili sauti isigonge ukuta. Nikasimama mlangoni kukagua, maana nilishajua ujanja wa watu: anaingia na redio ndogo ya kaseti, anabonyeza kitufe, na kesho wimbo wako uko sokoni kabla hujauza hata kanda moja. Mama mmoja wa Katumba, aliyekuja kutembelea ndugu zake mjini, alikuwa ameficha redio ndani ya kitenge. Nikaiona antena.

"Mama, leo hakuna redio humu ndani," nikasema.

"Baba, ni kwa ajili ya mama yangu. Anaumwa, hawezi kutoka kitandani. Anapenda hizi nyimbo."

"Atanunua kanda."

"Kanda itatoka lini?"

"Itatoka."

Redio yake ikakaa nje kwenye jiwe, ikitazamwa na mlinzi wa kanisa, mpaka tulipomaliza.

Wimbo wa mwisho ulikuwa wa kuwasalimia walio nyumbani. Kila mwimbaji kiongozi alipewa ubeti. Mke wangu alimwomba mwalimu aruhusiwe kuimba wa kwake kwa Kibende, lugha ya kwao, na mwalimu akakubali baada ya kusitasita. Mimi Kibende sikijui. Miaka yote ile nilijifunza salamu na maneno ya chakula, basi. Alipofika kwenye ubeti wake alisogea mbele akaimba, nami nilikuwa nimeinama kwenye mashine nikitazama mshale wa sauti usivuke alama nyekundu. Haukuvuka. Nilifurahi sana kwa ajili ya ule mshale.

Sasa niseme nilichofanya, maana ndicho kilichonikalisha hapa kuandika.

Kulikuwa na bwana mmoja sokoni aliyekuwa na mashine kama yangu. Hakurekodi kwaya yoyote. Kazi yake ilikuwa kununua kanda moja ya mwenzake na kutoa kopi hamsini. Nilikuwa nimeshaumia kwake mara kadhaa, na nilijua kanda hii ya kwaya ataitaka. Nikakaa nikawaza namna ya kuilinda. Kuvunja vimeno hakumzuii mwizi kukopi. Kunamzuia kufuta tu, na yeye hataki kufuta. Mwishowe nikapata njia. Nitaweka tangazo langu ndani ya nyimbo zenyewe. Akikopi, anakopi na sauti yangu, na kila atakayenunua atajua mali ni ya nani.

Mwalimu wa kwaya hakupenda. "Si uliweke mwanzoni tu?"

"Mwanzoni wataliruka."

"Basi katikati, wimbo mmoja ukiisha."

"Wanasimamisha mashine, wanapita, wanaendelea. Lazima liwe juu ya mtu anayeimba, mwalimu. Hapo hawana pa kukata."

Akaniachia. Mtu aliyesoma kitabu cha Kiingereza haulizwi sana. Nikaunganisha kipaza sauti, nikawa natoa wimbo kwenye kanda mama, yaani ile ya kwanza tuliyorekodi kanisani, na kuuingiza kwenye kanda ya pili huku nikisema juu yake. Niliweka tangazo mara tatu. Mahali pa tatu nilihangaika nichague wapi, maana sikutaka kuharibu nyimbo. Nikachagua ubeti wa Kibende. Niliona wanaoelewa ni wachache, kwa hiyo hakuna atakayekosa kitu.

Maneno yenyewe nayakumbuka mpaka leo: "Kanda hii ni mali halali ya studio. Kurekodi, kukopi au kuazimisha ni marufuku. Ukikamatwa, hatua zitachukuliwa."

Nilipeleka kanda nyumbani nikiwa na furaha. Mke wangu alikuwa anamenya mihogo uani. Nikaiweka kwenye redio, tukasikiliza hadi wimbo wa mwisho. Ubeti wake ukaanza, na mimi nikaanza. Tulipomaliza wote wawili, akauliza, "Ndiyo hivyo?"

"Ndiyo hivyo. Sasa aibe tuone."

"Na mimi niko wapi?"

"Upo. Uko chini yake. Ukitega sikio unasikika."

Akacheka kidogo. "Umetoa sauti nene kama mkuu wa wilaya anafukuza watu barabarani."

"Si lazima waogope?"

"Wataogopa." Akaendelea kumenya. Baadaye akasema, "Nilitaka kumpelekea dada kanda moja. Ile ambayo wewe haumo."

Dada yake alikuwa Ikola. Ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Nikamwambia haiwezekani. Dada ataiazimisha, aliyeazima ataipeleka Karema, na kutoka Karema itarudi Mpanda sokoni kwa yule bwana, ikiwa safi kabisa. Kazi yote ya kuilinda itakuwa bure.

"Dada yangu haazimishi kitu," akasema.

"Ndiyo wanavyosema wote."

Hakubishana. Lakini maneno yake yalinikaa kichwani, na nikaanza kuona kwamba tatizo ni ile kanda mama. Ilimradi ipo rafuni, mtu anaweza kuiomba, mwingine anaweza kuiiba, na mke wangu mwenyewe anaweza kuitoa kwa huruma. Wakati huo nilikuwa naondoka kwenda Tabora kuchukua kanda tupu. Niliporudi, asubuhi ya kwanza kibandani, niliweka kanda mama kwenye deki, nikachomoa waya wa kipaza sauti, nikabonyeza kitufe cha kurekodi. Mashine ikaanza kuandika ukimya juu ya kwaya nzima.

Mke wangu akafika dirishani na chakula changu. Akaona taa nyekundu inawaka na hakuna sauti inayotoka.

"Unafuta?"

"Nafuta. Isiyokuwepo haiibiwi."

"Haya," akasema. Akaweka bakuli dirishani, akalifunika vizuri kwa kitambaa, akaondoka.

Kanda iliuzwa vizuri. Yule bwana wa sokoni aliikopi pamoja na sauti yangu na hakujali hata kidogo, na watu walinunua kwake bila kujali vilevile. Hilo lilinitia wazimu. Nikaenda mnadani Magamba na mgambo mmoja niliyefahamiana naye, tukawa tunasimamisha watu wenye redio. Tukikuta kopi, navuta utepe wote nje mpaka unajaa mikononi kama nyuzi za katani, naitupa kanda chini. Mgambo hakuwa na amri yoyote ya kufanya hivyo, mimi pia sikuwa nayo. Watu walisimama wakatazama. Nilidhani wananiheshimu.

Mke wangu aliugua msimu wa mvua uliofuata. Haukuwa ugonjwa mrefu. Tulikwenda hospitali, tukarudi, tukaenda tena, na mara ya pili nilirudi peke yangu. Dada yake alifika kwenye mazishi na lori la dagaa, akalia, akaondoka kesho yake bila kuzungumza nami zaidi ya pole. Nami sikumsindikiza.

Siku ya kumaliza matanga, kwaya walikuja nyumbani kwangu Nsemulwa. Waliimba, halafu mwalimu akasimama akasema, "Tungeomba sasa tumsikie mwenzetu mwenyewe. Ule wimbo wa salamu." Spika zangu zilikuwa pale uani. Nikaiweka kanda kwa mikono yangu. Labda mtu ataniuliza kama nilisahau. Sikusahau. Nilijua kwamba tangazo limo, lakini nilikuwa nimelizoea kiasi kwamba sikulisikia tena, kama mtu asivyosikia saa ya ukutani kwake.

Ubeti ukaanza. Shangazi yake mzee, aliyetoka Karema na ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha shida, alisikia Kibende akainua kichwa, akasogea mbele kwenye mkeka. Halafu ikaja sauti yangu, nene, imejaa ua wote, ikisema kurekodi ni marufuku na hatua zitachukuliwa. Mtoto mmoja akacheka, mama yake akamfinya.

Shangazi akageuka huku na huku. "Nani huyo anayemkatiza?"

Nilipomaliza kusema kwenye spika, mke wangu alikuwa amemaliza pia, na kwaya nzima ilikuwa inaitikia.

Walipoondoka, nyumba ikawa hii ya mtu mmoja niliyonayo mpaka leo. Nilikaa na redio, nikasogeza sikio kwenye kitambaa cha spika, nikijaribu kumsikia chini yangu. Nilipunguza sauti nzito, nikaongeza nyembamba, nikageuza kila kitufe kilichokuwapo. Unapata mwanzo wa neno, unapata pumzi anayovuta, halafu "mali halali ya studio". Nilikuwa fundi mzuri. Nilikuwa nimeziba kila pengo.

Ndipo nikaanza kutafuta mwizi. Nilitaka awepo mtu mmoja, popote mkoani, ambaye hakunitii. Aliyeingia na redio kanisani nisimwone, au aliyeiba kanda mama kabla sijaifuta. Nilikwenda kwanza kwa yule bwana wa sokoni, ambaye alinikaribisha kiti na kunipa kanda zake zote nizisikilize. Zote zilikuwa na mimi. Nyingine zilikuwa kopi ya kopi ya kopi, kwaya imebaki kama upepo tu kwenye nyasi, lakini mimi bado nilisikika, kwa sababu nilisema karibu na kipaza sauti.

Nilikwenda Magamba. Kulikuwa na mfugaji mmoja aliyekuwa na redio kubwa kwenye baiskeli, ameketi na wenzake kwenye kilabu cha chai. Nikamsalimia, nikamwuliza kama ana kanda ya ile kwaya.

"Mkubwa, wewe si ndiye uliyenivutia utepe pale mnadani?"

"Ni mimi."

"Basi siku hizi nasikiliza taarifa ya habari tu."

Wenzake wakacheka. Nikasema, "Sikukamati. Natafuta isiyo na tangazo. Ukiwa nayo, nitakushukuru sana."

"Ndivyo mnavyosema mkitaka kukamata," akasema. "Mgambo umemwacha wapi leo? Yuko nyuma ya mti?"

"Niko peke yangu."

"Ee. Nasi tuko hapa wenyewe, tunakunywa chai, hatuna kanda." Akanitazama usoni, na nadhani aliona kitu, maana aliacha kucheka. "Kweli mkubwa, hatuna. Tulizitupa zote ulipopita. Hata zile tulizonunua kwako."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kila mahali. Wengine walinidanganya kwa kuniogopa, wengine walisema kweli, na mimi sikuwa na namna ya kuwatofautisha. Katumba nilimtafuta yule mama wa redio. Nilimpata analima maharage nyuma ya nyumba yake. Alinitambua kabla sijasema neno. Nikamweleza, nikamwuliza kama siku ile labda alikuwa na redio nyingine ambayo sikuiona.

"Ilikuwa ile moja tu," akasema. "Ile uliyoiweka kwenye jiwe."

"Na mama yako? Alipata kanda?"

"Mama alitangulia mbele za haki kabla kanda haijatoka. Hakuisikia."

Nilisema samahani. Lilikuwa neno dogo sana pale shambani. Alisimama ameegemea jembe, akaniuliza, "Kwa ndugu zake marehemu umekwenda?"

"Bado."

"Tangu msiba?"

"Bado."

"Unatafuta sauti ya mtu minadani, kwao hujakanyaga?" Hakusema kwa hasira. Akanipa kiti na viazi vya kuchemsha, akarudi kwenye maharage yake.

Nilikwenda Ikola kiangazi kilipoanza, juu ya lori, nikiwa na begi. Dada yake alikuwa mchangani anaanika dagaa, amejifunga kanga kichwani, jua limempiga. Mume wake alikuwa amevuka kwenda upande wa pili wa ziwa kutafuta biashara, vita vya huko vikaanza, na tangu hapo hakukuwa na habari yake. Nyumba ilikuwa ya kwake peke yake. Aliponiona alikuja, akanishika mkono, na tukalia kama inavyotakiwa, maana tulikuwa hatujalia pamoja. Halafu akafuta uso.

"Shemeji, umekuja kunipa pole au umekuja kuuliza kitu?"

Nikamwambia yote mawili.

"Anza na pole."

Tulikaa ndani hadi mchana ulipogeuka. Alinieleza marehemu alivyokuwa mtoto, alivyokuwa anaogopa vyura, alivyokataa kula samaki aina ya mgebuka kwa mwaka mzima baada ya kuchomwa na mwiba wake. Mengi sikuwa nayajua. Alipomaliza akasema, "Sasa uliza."

Nikauliza. Akaenda chumbani, akarudi na kopo la maziwa ya unga. Ndani yake kulikuwa na kaseti iliyofungwa kwenye kitambaa. Nikaigeuza mgongo. Vimeno vyote viwili vilikuwa vimevunjwa.

"Alivunja mwenyewe," akasema. "Alisema ndivyo unavyofanya wewe, ili mtu asije akarekodi kitu juu yake."

"Aliirekodi lini?"

"Ulipokwenda Tabora. Alisema mashine yako anaijua kwa kukutazama tu. Alipokuja kunitembelea akanipa kwa mkono, akasema nisikuambie. Nami nisingekuambia. Mazishini nilikaa kimya kwa sababu hiyo. Ungeniomba, ungeichukua, ungeifuta."

Nisingeweza kumbishia. Kwa jinsi nilivyokuwa, ningeifuta.

Akaweka kanda kwenye redio yake, akaipeleka mbele, akaacha. Kwaya ikaitikia, mtu akakohoa nyuma, na mke wangu akaanza ubeti wake. Nilijikaza nikisubiri niingie. Sikuingia. Aliimba mpaka mwisho, na kila neno nilisikia linavyoanza na linavyoishia, na sikuelewa hata moja.

"Anasema nini?"

Dada yake alirudisha kanda nyuma, akaicheza tena, akawa ananipa maneno kwa Kiswahili moja moja. Anawasalimia wa nyumbani. Anawaambia asikae mtu na wasiwasi, amefika, ana pa kulala, ana chakula. Anamsalimia dada aliyembeba mgongoni. Halafu dada akanigeukia.

"Hapa anakutaja wewe. Anasema, na huyu aliyeinama mbele yangu, Mungu amwangalie, hajui kama namsemea yeye."

Redio iliendelea mpaka upande ukaisha na kitufe kikaruka chenyewe. Hakuna aliyeinuka kuigeuza.

Baadaye nilifungua begi. Nilikuwa nimebeba redio ya pili, waya, na kanda tupu, na sikuficha. Nikamwambia inatosha nusu saa, hatapungukiwa na kitu, kopi haipunguzi kanda. Yeye akatazama vile vitu nilivyovipanga mkekani.

"Hapana," akasema.

"Shemeji, utepe huu ni mwembamba. Una unyevu wa huku, una vumbi. Siku moja utakatika, tutakosa wote."

"Ukikatika tutakuwa tumekosa wote. Wewe na mimi."

"Kwa hiyo unaniadhibu."

"Mimi nikuadhibu nina mamlaka gani? Sikiliza. Nikikurekodia, utaondoka na lori la kesho na sitakuona tena. Utakaa Nsemulwa na kanda yako, mimi nitakaa hapa na ya kwangu. Humu ndani hakuna mtu ninayeweza kumtaja mdogo wangu akajua ninamsema nani. Wewe je, kwako yupo?"

Nikamwambia hayupo.

"Basi uje usikilize hapa."

Nilirudisha redio begini. Nisijisifu: njiani nikirudi nilikasirika, nikapanga namna ya kuja na kuirekodi akiwa mchangani. Lakini nilipokwenda mara ya pili na kumkuta amenitengea samaki, ameketi amevaa vizuri ananisubiri, sikuitoa redio. Nikawa naenda kila nilipopata lori na nafasi. Kibanda nilishakifunga. Tulisikiliza mara moja tu kila nilipofika, tukazungumza, nikalala kwa majirani zake, nikarudi.

Utepe ulikatika kweli, mwishoni mwa miaka ile, nikiwa nimekaa hapohapo mbele ya redio. Mashine iliutafuna kwenye wimbo wa salamu. Dada yake alishika mdomo. Nikaomba wembe na kipande cha selotepu, nikafungua skrubu za kaseti kwa ncha ya kisu, nikaunga juu ya mkeka taratibu sana, maana sikuwa nimeunga utepe kwa muda mrefu. Sehemu iliyokunjamana ilibidi niikate. Ilikuwa fupi kuliko kucha yangu.

Tulipoicheza, ubeti ulikuja vizuri, ukafika pale nilipounga, ukaruka. Neno moja lilikuwa limekosekana katikati ya salamu zake. Nikamtazama dada yake, nikitegemea anilaumu.

"Rudisha," akasema.

Nikarudisha. Kanda ikafika pale, na yeye, bila kuinua sauti, akalitamka lile neno mahali pake, na mke wangu akaendelea.

"Niambie tena," nikasema. "Linatamkwaje?"

Akanifundisha. Nilikosea mara nyingi, akacheka mpaka akaegemea ukuta. Kisha tukarudisha kanda tena, na ilipofika pale tukalitamka wote wawili.